Akipigwa na Mpenzi, Atamwambia Nani?

Katika nyumba nyingi za kwetu, mwanafunzi wa sekondari hana mpenzi. Ndivyo wazazi tunavyowaambia wageni, na ndivyo watoto wanavyotuambia sisi. Mtaani mambo ni mengine. Yupo wa darasani, yupo dereva wa bodaboda anayempa lifti ya bure, yupo muuza duka anayemrushia vocha, yupo wa chuo waliyejuana Instagram. Na kwa kuwa uhusiano huo nyumbani hautambuliki, hata yanayomkuta humo hayatambuliki. Akizabwa kofi nyuma ya maabara, akinyang'anywa simu ikaguliwe, akitishiwa kwamba picha zake zitarushwa kwenye kundi la darasa, hana pa kushtaki. Kushtaki ni kukiri, na akikiri anajua kinachomsubiri nyumbani.

Wapo watakaosema dawa ni kukaza: simu ipigwe marufuku, geti lifungwe saa kumi na mbili, fimbo ifanye kazi yake. Sina ugomvi na mzazi anayetaka mwanawe asubiri. Dini na mila zetu zina sababu zake, na masomo yana wakati wake. Lakini katazo halimlindi aliyekwisha kulivunja, na huyo ndiye aliye hatarini. Pale mtoto anapoiogopa adhabu yetu kuliko anavyoziogopa ngumi za mpenzi wake, sisi ndio tunaomtunzia mkatili siri yake. Ushauri wote utakaofuata, kwa mzazi, kwa mwalimu na kwa kijana mwenyewe, unatokana na jambo hilo moja.

Si mambo ya wachache

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa uchambuzi wa takwimu za nchi nyingi. Kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 24 walikuwa wamekwisha kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi wao. Ni karibu mmoja kati ya kila wanne, wakiwamo walioozwa wangali wadogo.

Tanzania ilifanya utafiti wake wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema kwamba kabla ya kufikisha miaka 18 walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja. Kwa wavulana ilikuwa mmoja kati ya saba. Utafiti huo ulihesabu wakatili wa kila aina, si wapenzi tu, lakini unatuonyesha mambo mawili: kwamba hatari iko karibu na nyumbani, na kwamba watoto wa kiume nao wamo.

Takwimu nyingine inatuhusu sisi wakubwa. Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, Watanzania waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akitoka bila kuaga, akibishana naye, akiwatelekeza watoto au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Binti anayemwambia shoga yake kwamba "amenipiga kwa sababu ananipenda" hakuyaokota maneno hayo kwenye filamu za Kizungu. Ameyasikia jikoni, saluni, harusini na kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa. Tukumbuke pia kwamba Tanzania bado inaruhusu viboko shuleni kwa kanuni za mwaka 1979, ilhali Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Mtoto aliyekua akichapwa na kila anayesema anamtakia mema ataona ajabu gani akichapwa na mpenzi?

Ukatili huanza kabla ya kofi

Kofi huwa limetanguliwa na mengi, na mengi hayo tunayasifu. Mpenzi anataka kujua uko wapi kila saa. Marafiki wanasema "anakujali huyo". Anataka nywila ya simu yako. Wanasema wapendanao hawafichani. Hataki ucheke na wavulana wa darasani. Wanasema ana wivu, na penye wivu ndipo penye mapenzi. Muziki tunaousikiliza umejaa wivu wa namna hiyo, na hata kanga zetu nyingi zinaupigia debe.

Wivu kama hisia kila mtu anao. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kile mtu anachokifanya akiwa na wivu. Anayesema "nimeumia kukuona naye, tuzungumze" ameeleza hisia zake. Anayesema "nisikuone naye tena, na leta simu" ametoa amri. Ukatili unajengwa kwa amri za namna hiyo, moja baada ya nyingine, na kila moja huonekana ndogo: badilisha sketi hiyo, toka kwenye kundi hilo, acha mpira wa pete, usiende kwa shangazi Jumapili, nipigie video nione kama kweli uko nyumbani. Mwishowe kijana anaishi kwa ratiba ya mtu mwingine, na amebaki bila marafiki ambao wangemwambia kwamba hilo si la kawaida. Siku kofi linapokuja, hayupo wa kulishuhudia.

Baada ya kofi huja msamaha: machozi, chipsi mayai, meseji ndefu za usiku, ahadi kwamba halitarudiwa. Kwa mtu wa miaka 16 ambaye huyo ndiye mpenzi wake wa kwanza, kipindi hicho cha kubembelezwa ni kitamu kweli, na ndicho kinachomrudisha. Mzazi asimshangae kwa dharau. Hata watu wazima wenye ndoa za miaka 20 hunaswa na msamaha wa aina hiyo.

Mzazi aangalie nini? Mtoto anayeitazama simu kwa hofu badala ya furaha. Anayeomba ruhusa kwa mtu asiyeonekana kabla ya kukubali jambo dogo. Aliyewaacha marafiki wa miaka mingi ndani ya muhula mmoja. Anayevaa sweta la shule kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Ambaye alama zake zimeshuka ghafla, au ana vitu ambavyo hajanunuliwa na mtu yeyote wa nyumbani. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, maana ujana una mabadiliko yake. Zikiwa tatu au nne kwa pamoja, tafuta nafasi ya kuzungumza naye.

Yapo matendo ambayo hayahitaji kusubiri dalili nyingine. Kukabwa koo ndilo la kwanza. Watafiti wa mauaji ya wapenzi wamegundua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mwenzi huyo baadaye. Tena koo linaweza kuumia ndani bila alama yoyote nje. Sauti ikikauka, kumeza kukiwa kwa shida, au kichwa kikiuma baada ya kukabwa, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Mengine ni kutishia kuua, kutishia kujiua akiachwa, kushika kisu au panga wakati wa ugomvi, kumvizia mtu njiani, na kumlazimisha ngono. Kijana anayeeleza mojawapo ya haya asiambiwe avumilie wala arudi akaombe radhi.

Kwa nini hasemi

Muulize mzazi kwa nini binti hakusema, atakujibu: "Watoto wa siku hizi wana siri." Ukimuuliza binti, majibu yanakuwa mahususi zaidi.

Anaogopa kipigo. Amekwisha kupigwa na mpenzi. Akisema, atapigwa na baba. Kwa hesabu yake, kunyamaza kunapunguza fimbo moja.

Anaogopa kupoteza shule. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba Tanzania alifukuzwa na njia ya kurudi katika mfumo rasmi ikafungwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi darasani, lakini hofu iliyokaa kwa miaka mingi haiondolewi kwa tangazo moja. Bado wapo wazazi na hata walimu wasiojua kwamba utaratibu umebadilika, na ni wajibu wetu kuwaeleza.

Anaogopa lawama, hasa kama amepokea chochote. Aprili 2019 mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi aliuawa mchana peupe mjini Eldoret na mwanamume aliyekuwa akimfuatilia. Kabla hata hajazikwa, mitandaoni Wakenya wengi walikuwa wakijadili kama marehemu alikula pesa za mtu. Kila msichana wa Afrika Mashariki mwenye simu aliweza kuusoma mjadala ule na kujua watu watasema nini siku likimfika yeye. Hii ndiyo hesabu ya "kuchuna": kwamba vocha, nauli, viatu au chipsi ni mkopo, na mkopo hulipwa kwa mwili. Kampeni ya redio ya Tanzania dhidi ya watu wazima wanaowarubuni wanafunzi ilisambaa hadi jina la mhusika wake, Fataki, likawa jina la watu wa aina hiyo mitaani. Ilifanya kazi njema ya kumfanya mrubuni achekwe. Sasa tuongeze sehemu iliyobaki: hata aliyepokea zawadi hadaiwi chochote, na aliyempa hana stakabadhi ya kumpiga.

Mvulana anaogopa kuchekwa. Wapo wavulana wanaopigwa vibao, wanaochunguliwa simu, wanaodhalilishwa mbele za watu na wasichana wao, na wapo wanaotumiwa kingono na wanawake wakubwa. Akisema, ataulizwa kama yeye ni mwanamume kweli. Majeraha mabaya zaidi na mauaji huwapata zaidi wasichana, na hilo lisifichwe. Lakini mvulana aliyechekwa leo kwa kupigwa kofi amefundishwa kwamba mwanamume hatakiwi kuumia, na kesho atatafuta kuonyesha kwamba yeye ndiye anayeumiza.

Siku akikuambia

Dakika za mwanzo zinaamua kama utasikia yaliyobaki. Jizuie kuuliza "ulikuwa unafanya nini huko?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini si leo. Anza hivi: "Asante kwa kuniambia. Kupigwa si kosa lako. Sasa tuangalie usalama wako kwanza." Kisha nyamaza, umwache aeleze kwa mpangilio wake. Usimlazimishe kurudia mbele ya baba, bibi na majirani. Usimpigie mtuhumiwa simu kwa hasira mbele yake, wala usikusanye vijana wa mtaa wakamshughulikie. Vurugu hizo humrudia binti, na zinaweza kukupeleka wewe mahabusu badala ya mkosaji.

Mazungumzo kuhusu kanuni za nyumbani, kudanganya na kutoroka masomo ya jioni yatakuwapo, lakini yaahirishwe na yatenganishwe kabisa na haya. Mwambie waziwazi: "Hayo mengine tutayaongea baadaye, na hutaadhibiwa kwa kuniambia hili." Ukitoa ahadi hiyo, itimize, maana wadogo zake wanakutazama.

Kama kuna ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku tano, na nguvu zake hupungua kila siku inayopita. Asioge wala asifue nguo kabla ya kuonana na daktari. Nguo zifungwe kwenye karatasi au mfuko wa khaki, zisitiwe kwenye plastiki kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa na uulizie kituo cha mkono kwa mkono. Ni mahali ambapo daktari, polisi, ustawi wa jamii na ushauri wa kisaikolojia hupatikana pamoja, mtoto asilazimike kusimulia mkasa wake kila ofisi. Kituo hicho kikiwa mbali, kituo chochote cha afya kinafaa kwa kuanzia.

Ukifika polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Fomu ya matibabu kwa Tanzania ni PF3, kwa Kenya ni P3. Mgonjwa akiwa na hali mbaya, mwahishe hospitali, fomu itafuata. Namba 116 ni ya bure, Tanzania na Kenya pia, kwa ajili ya watoto na yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto. Kenya ina pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Zihifadhi namba hizi kwenye simu yako leo, kabla hujazihitaji.

Halafu kuna ule msemo wa "tuyamalize kifamilia". Baba wa kijana anakuja na mbuzi, au na fedha, au na pendekezo kwamba waoane ili aibu iishe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka za mtaa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Pamoja na sheria hizo, liangalie jambo lenyewe kwa akili ya kawaida: kumwoza binti kwa aliyempiga ni kumkabidhi, na mara hii hata geti la shule halipo.

Simu na picha

Ukatili wa siku hizi unaanza au unaishia kwenye simu. Mpenzi anaomba picha ya utupu kama ushahidi wa mapenzi, halafu picha hiyo inakuwa kamba ya kumfungia mtu: ukiniacha naitupa mtandaoni. Watoto wengi hurudi kwenye uhusiano wanaouogopa kwa sababu ya picha moja.

Ushauri wa kwanza ni kutolipa na kutotii. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Pili, hifadhi ushahidi: piga picha za skrini zinazoonyesha vitisho, namba na tarehe, kabla ya kumzuia. Usiisambaze picha yenyewe kwa yeyote, hata kwa nia ya kuonyesha ubaya wake. Kuisambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa. Tatu, kwa walio chini ya miaka 18 ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kutoka kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga, ikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuizuia. Haiwezi kuingia ndani ya meseji za WhatsApp, lakini inapunguza sana uwanja. Nne, vitisho vya mtandaoni ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina ya 2018, na polisi wanapokea malalamiko hayo.

Wazazi, tukiikuta picha hiyo, tutakasirika na tutaaibika. Aibu hiyo ndiyo bidhaa anayoiuza mtishiaji. Siku familia inaposema "tumeiona, tunajua, na bado wewe ni mtoto wetu", biashara yake imefilisika.

Kwako wewe uliye ndani ya uhusiano huo

Hukuumbwa mjinga. Ulimpenda mtu, naye akayatumia mapenzi hayo vibaya. Yapo mambo machache ya kufanya.

Jiulize: naweza kumwambia hapana kwa jambo dogo, kama kutopokea simu nikiwa nasoma, na usiku huo nikalala kwa amani? Kama jibu ni hapana, umeshajua uko wapi. Usijipe kazi ya kumbadilisha. Kama anatishia kujiua ukimwacha, hilo ni jambo zito la kumwambia mzazi wake au mwalimu, nao ndio wa kulibeba.

Kuachana ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwa hiyo kupange. Usimwambie mkiwa wawili chumbani kwake, njiani usiku au sehemu isiyo na watu. Inatosha kwa simu au meseji, ukiwa nyumbani, huku mtu mmoja mkubwa akijua. Huna deni la "kuonana mara ya mwisho tuongee vizuri". Mikutano ya mwisho ya namna hiyo imewaumiza wengi. Badilisha nywila zote na uzime lokesheni. Kwa wiki chache usitembee peke yako kwenda na kurudi shule, na ubadilishe njia na muda. Mwambie mwalimu mmoja unayemwamini, mlinzi wa geti ajue jina la asiyetakiwa kuingia.

Kama ni rafiki yako anayepigwa, usimwambie "mimi ningeshamwacha". Mwambie umeona, hujamdharau, na utamsindikiza akiwa tayari. Ukisikia amekabwa au ametishiwa kuuawa, toa taarifa kwa mtu mzima hata kama alikuapisha usiseme. Anaweza kukukasirikia, na urafiki wenu utahimili hilo.

Mtoto wa kiume afundishwe nini

Mabinti tumewapa orodha ndefu ya tahadhari. Wavulana tumewaambia nini zaidi ya "usimpe mtu mimba"? Wengi hawajawahi kufundishwa jambo rahisi kama kukataliwa. Kijana ametuma maneno matamu, ametumia hela ya nauli kumnunulia msichana soda, msichana amesema hataki. Hapo anahitaji maneno ya kusema na mahali pa kupeleka maumivu yake. Bila hayo, wenzake kijiweni watampa ya kwao: kwamba amefanywa bwege, na bwege hulipiza.

Baba, mjomba au kaka anaweza kumwambia yale ambayo wengi wetu hatukuambiwa: nami nilikataliwa, iliuma, ikapita. "Hapana" ya msichana si mwanzo wa mazungumzo ya bei. Kunyamaza kwake si ndiyo. Aliyekubali jana hajakubali leo. Ukitoa zawadi, toa kama sadaka. Kama unategemea kulipwa, kaa na hela yako. Na ukihisi mkono unataka kunyanyuka, ondoka ulipo, rudi kesho. Kijana aliyekwisha kupiga naye aambiwe ukweli bila kupakwa mafuta: umetenda kosa, utawajibika, na unahitaji msaada ili usilirudie. Kumfichia ni kumwandaa kwa jela au kwa jambo ambalo halitarekebishika.

Maneno hayo hayatashika kama anaona kinyume chake sebuleni. Baba anayeomba radhi kwa mama mbele ya watoto ametoa somo ambalo hakuna mwalimu wa uraia atakayelizidi.

Shule, mtaa, na mtu wa kuambiwa

Imani hizi zinabadilika, na ushahidi hauko mbali. Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni mpango uitwao SASA!, ambamo watu wa kawaida wa mtaa, kama wauza duka, mapolisi, viongozi wa dini na majirani, walifundishwa kuanzisha mazungumzo juu ya nguvu: nani anayo, anaitumiaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika mitaa iliyofikiwa, wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa takriban nusu kulinganisha na mitaa isiyofikiwa. Hawakuanza kwa kuwatisha watu kwa sheria. Walianza kwa maswali yaliyorudiwa saluni, sokoni na kwenye vijiwe kwa muda mrefu. Mwalimu wa ushauri na unasihi anaweza kufanya vivyo hivyo katika kipindi cha Ijumaa, ilimradi wanafunzi wajue kwamba anayeuliza swali hataitwa ofisini.

Kwa upande wa familia, mila zetu zilikuwa na jibu ambalo mji umelipoteza. Pwani, msichana aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke asiyekuwa mama yake, wa kumfunda na kusikia yale ambayo binti haambii mzazi. Bara, katika makabila mengi, bibi na babu walitaniana na wajukuu kuhusu wachumba bila haya, na katikati ya utani habari nzito zilipenya. Si yote yaliyofundishwa unyagoni yanafaa leo. Baadhi yake yalimfunza binti kuvumilia kipigo. Lakini muundo wenyewe ulikuwa na akili: ulikubali kwamba yapo mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia anayemlisha na kumwadhibu, kwa hiyo akawekewa mtu mwingine.

Mrudishie mwanao mtu huyo. Anaweza kuwa shangazi wa Morogoro, mama mdogo, mwalimu mstaafu wa mtaani, dada wa kwaya au ustadhi mwenye busara. Kwa mvulana, tafuta mjomba au kocha wake wa mpira. Kaa naye kwanza mkubaliane: atasikiliza bila kupiga kelele, hatageuza mambo ya mtoto kuwa umbea, na jambo la hatari kwa uhai atalifikisha kwako siku hiyo hiyo. Kisha mwambie mtoto mbele yake: "Likiwapo lolote usiloweza kuniambia mimi, mwambie huyu. Sitakuuliza mlizungumza nini." Hakikisha ana namba yake na ana salio la kupiga, na mwandikie 116 juu ya daftari. Mpe ruhusa hiyo wakati mambo bado ni shwari, wiki hii, kwa sababu siku atakapoihitaji hatakuwa na ujasiri wa kuja kuiomba.